Nilifika Novemba, usajili ulishafungwa

Wiki ya pili ya Novemba 2018 nilipanda daladala kutoka Kiborloni hadi mjini Moshi nikiwa nimekumbatia bahasha ya kaki. Ndani yake kulikuwa na nakala ya matokeo yangu ya kidato cha sita, cheti cha kuzaliwa, picha za paspoti na fedha ya ada ambayo mama aliidunduliza kwa kuuza ndizi pale Mbuyuni. Nilikuwa nakwenda kujiandikisha kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, yaani PC kama tunavyosema wote. Nilimwamkia mwalimu msimamizi wa kituo, akaitikia marahaba, akapokea bahasha, akauliza, "Mtihani wa lini, binti?" Nikamjibu, wa Mei mwakani. Akanirudishia bahasha bila kuifungua. "Usajili wa Mei ulishafungwa, mwanangu. Njoo mwakani nikuandikishe wa Mei 2020."

Nilikaa kwenye ngazi za jengo lile kwa muda mrefu. Zilikuwa siku za vuli, mlima umejifunika mawingu tangu asubuhi. Nilikuwa nimejiandaa kuambiwa kwamba ada imepanda au kwamba kuna karatasi fulani imekosekana. Haikunijia kabisa kwamba mtihani wa Mei watu huandikishwa mwaka unaotangulia, na kwamba anayeufikiria Novemba amekwisha chelewa. Mwaka mzima uliniponyoka pale kwenye ngazi, kwa sababu ya tarehe tu.

Nieleze nilivyofika hapo. Nilimaliza kidato cha sita Mei 2018, kombi ya PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, katika shule moja ya bweni. Matokeo yalitoka Julai nikiwa kambini JKT kwa mujibu wa sheria. Kaka yangu ndiye aliyeyaangalia nyumbani, akanisomea kwa simu taratibu: Biolojia C, Fizikia D, Kemia S. Mtu asiyezijua alama zetu atasema S si mbaya, maana si F. Kwa anayeitaka Shahada ya Udaktari wa Tiba, S ya kemia haimfikishi popote. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inataka prinsipo tatu, yaani ufaulu kamili usiohesabu S, za fizikia, kemia na biolojia, kila moja isipungue D, na jumla isipungue pointi 6. D ina pointi 2, C ina 3, B ina 4, A ina 5. Mimi nilikuwa na pointi 5 za masomo mawili, na kemia haikunipa prinsipo. Na hizo 6 zenyewe ni kiwango cha kuruhusiwa kuomba. Anayechaguliwa ni yule aliyewazidi wenzake, na kwenye udaktari wenzako ni wengi na wana alama nzuri.

Kwa prinsipo zangu mbili bado niliweza kuomba kozi nyingine. Niliomba, na katika awamu ya pili ya udahili nikachaguliwa kusomea ualimu wa sayansi. Hapo ndipo nilipokwama. Baba mdogo alisema nafasi ya chuo kikuu haikataliwi. Shangazi akasema mshika mbili moja humponyoka, basi nishike hiyo moja niliyopewa. Mama hakusema kitu. Alinitazama jioni moja tukimenya ndizi za mtori, akaniuliza, "Wewe roho yako iko wapi?" Nikamwambia iko KCMC. Nimekua nikiiona hospitali ile. Bibi yangu alitibiwa pale, na tangu darasa la tano nilikuwa nikiwahesabu madaktari waliovaa makoti meupe kituo cha daladala. Mama akasema, "Basi amua, na ukiamua usirudi nyuma."

Niliamua, lakini kuamua kwenyewe kulichukua Septemba yote na Oktoba yote. Nilisubiri awamu ya tatu nikitumaini jambo ambalo halikuwezekana, maana hakuna awamu inayoigeuza S kuwa D. Huku nasubiri, dirisha la usajili wa PC lilikuwa wazi, na fedha ilikuwepo. Ningeweza kujiandikisha kwanza halafu nikaendelea kuwaza. Kama ningekwenda chuo cha ualimu, ningepoteza ada ya mtihani tu. Leo naiona hesabu hiyo kwa urahisi. Wakati ule nilidhani ni lazima mambo yafuatane, kwanza moyo utulie, ndipo mikono ifanye kazi.

Kuna jambo ambalo bado linaniuma kwa niaba ya wengi. Shuleni tarehe hazikuwa zetu. Usajili wa mtihani ulifanywa na mwalimu wa taaluma, ada ililipwa na mzazi, sisi tuliitwa tu kusaini na kupigwa picha. Miaka sita ya sekondari sikuwahi kuuliza mtihani unaandikishwa lini, kwa hiyo nilipotoka getini nikiwa na cheti changu nilitoka bila kujua kwamba sasa mwalimu wa taaluma ni mimi. Walimu wetu walitufundisha sana namna ya kujibu maswali. Natamani wangetenga hata kipindi kimoja, wiki ya mwisho kabla ya kuondoka, watuambie: ukikwama, fanya hili mwezi huu na lile mwezi ule.

Mwaka 2019 ulianza nikiwa sokoni na mama. Baadaye nikapata kazi ya kusaidia usafi na kupanga dawa katika duka la dawa muhimu huko Majengo. Nilijiambia nina muda mwingi, mtihani ni mwakani. Vitabu vilikaa ndani ya sanduku chini ya kitanda. Dirisha la usajili lilipofunguliwa nilikuwa kituoni siku za mwanzo kabisa, na nilijiandikisha masomo yote matatu ili niinue pointi zote pamoja. Niliporudi nyumbani na namba yangu nilihisi kana kwamba nusu ya safari imekwisha. Kumbe nilikuwa nimeshika tarehe moja tu, na zilikuwepo nyingine ambazo hakuna ofisi inayozitangaza.

Hizo nilionyeshwa na mwalimu mmoja mstaafu wa kemia aliyekuwa akifundisha tuisheni nyumbani kwake Soweto, ile ya Moshi. Nilikwenda kwake Oktoba 2019. Nilitarajia aanze na mada ya kwanza. Badala yake aliitandaza kalenda ya ukutani mezani, akaigeuza upande wa nyuma usio na picha, akachora mstari mrefu. Mwisho wa mstari, kulia kabisa, akaandika Mei. "Leo tuiache kwanza," akasema. "Tuanze siku ya karatasi ya kwanza, turudi nyuma."

Akarudi nyuma kweli. Wiki sita za mwisho kabla ya mtihani, hakuna mada mpya. Ni mitihani ya miaka iliyopita tu, kwa saa, kila karatasi kama siku yenyewe. Kabla ya hizo, wiki nne za maabara kila Jumamosi, kwa sababu mtihani wa vitendo una alama zake na mkono haujifunzi kwa kusoma. Kabla ya hapo, kemia ya oganiki. Kabla ya oganiki, bondi na mpangilio wa elektroni, maana asiyejua kwa nini kaboni inashika mikono minne atakariri oganiki kama mashairi ya lugha asiyoijua. Kisha akafanya jambo ambalo shule haikuwahi kunifanyia. Alichora mishale kutoka mada za kemia kwenda mada za biolojia. Upumuaji wa seli na usanisinuru akaviweka baada ya oganiki. Asidi, besi na bafa akaviweka baada ya msawazo wa kikemikali, na udhibiti wa mazingira ya ndani ya mwili akauweka baada ya hivyo vyote. "Wewe ulisoma biolojia ukapata C kwa kukariri," aliniambia bila ukali. "Ukiipanga hivi, utaielewa."

Tulipomaliza kurudi nyuma, mstari ulifika leo. Na leo ilikuwa imepita. Kwa mpangilio ule nilitakiwa kuwa nimeanza Juni. Miezi niliyoiita muda mwingi, nikiwa napanga dawa Majengo, ndiyo ilikuwa ya bondi na msawazo.

Nilimwuliza, "Mwalimu, kwa hiyo nifanyeje?" Akasema tutapunguza, lakini akanionya kwa maneno ambayo nimeyaandika nyuma ya daftari langu hadi leo: "Ikifika Machi hujamaliza oganiki, usiingie kwenye chumba cha mtihani kwa sababu umelipa tu. Ada inarudi ukiuza ndizi. Cheti chenye alama mbaya mara ya pili kitakutia hofu ya kujaribu ya tatu."

Nilipiga msuli kwa namna ambayo sikuwahi shuleni. Asubuhi duka la dawa, alasiri maktaba ya mkoa, jioni kwa Mwalimu siku tatu za wiki. Usiku nilisoma jikoni mama akiwa amelala. Januari 2020 Mwalimu alinipa karatasi nzima ya kemia niifanye kwa saa. Alipoisahihisha hakuzungumzia alama. Alihesabu maswali niliyoyaruka. Yote yalikuwa ya oganiki. Alinitazama juu ya miwani na wote wawili tulijua mstari ule wa kalenda unasemaje.

Machi ikaja, na oganiki haikuwa imekwisha. Tarehe 16 Machi mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa, na alikuwa Arusha, kwa jirani zetu. Kesho yake shule zikafungwa, za kidato cha sita pamoja nazo. Mtihani wa Mei ukasogezwa. Wanafunzi wa kidato cha sita walirudi shuleni tarehe 1 Juni, na mtihani ukaanza tarehe 29 Juni. Nilipata karibu miezi miwili ambayo sikuistahili na sikuipanga. Siwezi kuiita bahati, kwa sababu watu walikuwa wanaumwa na kufa, soko lilipungua wanunuzi, na mama alikuwa akirudi nyumbani na mikungu ileile aliyoondoka nayo. Lakini nikiwa mkweli, kama mtihani ungekuwa Mei kama ulivyopangwa, ningeingia na nusu ya oganiki. Ninasema hivi kwa sababu nimewasikia watu wakisimulia habari yangu kama ya juhudi pekee. Juhudi ilikuwepo. Na kalenda ilisogezwa na janga, jambo ambalo hakuna mtu anayepaswa kulipangia.

Kilichokwama wakati ule ni maabara. Mwalimu alikuwa ameniombea nafasi ya Jumamosi katika shule moja ya jirani, nayo ikafungwa pamoja na nyingine. Kwa wiki kadhaa nilifanya hesabu za titresheni, lile zoezi la kudondosha kimiminika tone kwa tone hadi rangi ibadilike, kwenye karatasi bila kushika bureti, mrija wake wa kupimia. Juni, wanafunzi waliporudi, nikapata Jumamosi tatu tu. Jumamosi ya kwanza mkono ulitetemeka, nikazidisha matone hadi rangi ikapitiliza mara nne mfululizo. Ya tatu nikapata majibu matatu yaliyokaribiana. Fundi wa maabara, mzee mpole sana, alinipa kiashiria cha ziada na kuniambia, "Polepole, tone moja moja, binti yangu." Hadi leo nikimtundikia mgonjwa dripu na kuhesabu matone huisikia sauti yake.

Matokeo yalitoka Agosti. Kemia C, Biolojia B, Fizikia C. Pointi 10. Mama alikuwa sokoni. Nilikimbia kutoka Majengo hadi Mbuyuni nikimwamkia kila niliyekutana naye njiani, hata wadogo zangu.

Wiki ileile nikagundua tarehe nyingine iliyokuwa inanipita. Mwaka ule dirisha la maombi ya mkopo wa elimu ya juu lilifunguliwa kabla matokeo yetu hayajatoka, na mimi nilikuwa nasubiri matokeo ndipo niombe. Nilidhani ndivyo inavyotakiwa. Kumbe akaunti ya maombi ya mkopo hufunguliwa kwa namba ya mtihani ya kidato cha nne, ambayo nilikuwa nayo tangu zamani, na kazi kubwa ni nyaraka: cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa vyeti vya vizazi na vifo, na kwa aliyefiwa na mzazi, kama mimi, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Uhakiki haufanyiki kwa siku moja. Niliomba, nikafuatilia kila asubuhi, na majibu yaliporudi nilikamilisha fomu usiku, intaneti ikikatika kila baada ya dakika chache. Bila mkopo ile C ya kemia isingenifikisha hata mlango wa bweni. Kwa hiyo nikiulizwa lini uanze kushughulikia nyaraka za mkopo, ninasema mwezi uleule unaoanza kufanya mitihani ya nyuma. Hazihitaji akili nyingi. Zinahitaji siku.

Maombi ya chuo yenyewe yalikuwa mepesi kuliko nilivyoogopa. Awamu ya kwanza sikuchaguliwa, maana niliweka vyuo vyenye ushindani mkubwa peke yake. Awamu ya pili nikapata Mwanza, nikathibitisha siku hiyohiyo. KCMC niliyoiota sikuipata kama mwanafunzi, na sina uchungu nalo.

Sasa niseme habari ya rafiki yangu, kwa sababu yake inawahusu wengi zaidi kuliko yangu. Tulilala kitanda cha juu na cha chini kidato cha tano na sita. Yeye kwao ni Arusha, upande wa Sakina. Matokeo yetu ya 2018 yalikuwa yanafanana, lakini yeye hakutaka kurisiti. Aliingia chuo cha afya kusomea Stashahada ya Utabibu, miaka mitatu, akiwa na lengo la kwenda udaktari baadaye. Njia hiyo ni halali kabisa na ninaiheshimu. Mtu anayeipita anafika chuo kikuu akiwa ameshashika wagonjwa, na darasani kwetu wao ndio waliotufundisha sisi wengine namna ya kumsikiliza mgonjwa. TCU inawataka wawe na wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0.

Lakini kuna sharti la pili, na hilo limejificha mahali ambapo kijana wa miaka kumi na tisa hatazami. Mwenye stashahada anayeomba udaktari lazima awe na angalau D ya kidato cha nne katika fizikia, kemia, biolojia, hisabati na Kiingereza. Kuingia chuo cha utabibu, hisabati haikumzuia. Wanachosisitiza pale ni biolojia, kemia na fizikia, na hisabati huhesabiwa kuwa faida ya ziada. Yeye alikuwa na F ya hisabati tangu 2015. Ilimruhusu kusoma kidato cha tano, ikamruhusu kuingia chuoni, ikamruhusu kuhitimu 2021 na GPA nzuri, na haikusema neno lolote kwa miaka sita. Siku alipofungua mwongozo wa udahili ili aombe udaktari ndipo ikasema.

Alinipigia simu akilia. Dirisha la usajili wa PC wa kidato cha nne huwa mwanzoni mwa mwaka, na tulikuwa katikati ya mwaka. Ilibidi asubiri 2022 ajiandikishe, afanye mtihani Novemba, apokee matokeo Januari 2023, aombe chuo Julai 2023. Mtihani wa somo moja, alioweza kuufanya akiwa mwaka wa pili chuoni huku akisoma kozi yake bila shida, ulimla miaka miwili. Alipata C. Alikuwa na uwezo wa kuipata C hiyo siku zote.

Wenzake waliokuwa na hisabati safi nao walikutana na kizuizi kingine mwaka ule wa 2021. Mwenye stashahada hawezi kuomba chuo kikuu bila namba ya uhakiki wa tuzo, ile AVN inayotolewa na NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi, na namba haiombwi kabla matokeo ya mwisho hayajaingia kwenye mfumo. Baadhi yao matokeo yaliingia awamu ya kwanza ikiwa imeshafungwa, wakaingia awamu zilizofuata nafasi zikiwa zimepungua. Hapo wanafunzi hawakuwa na kosa. Ila waliokuwa wamelifahamu hilo mapema walikuwa wamekwisha fungua akaunti, wameangalia kama majina yao kwenye cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha chuo yanafanana, na matokeo yalipoingia walimaliza kazi ndani ya siku moja. Wengine walikaa wiki nzima wakihangaikia herufi moja kwenye jina la ukoo.

Binamu yangu aliyekulia Minnesota, Marekani, alipitia jambo linalofanana ingawa mfumo wao ni tofauti na wetu. Kule udaktari unasomwa baada ya shahada ya kwanza, na lazima kwanza ufanye mtihani uitwao MCAT, wenye sehemu nne na alama kati ya 472 na 528. Maombi huanza kupokelewa mwishoni mwa Mei au mapema Juni kwa ajili ya kuanza masomo mwaka unaofuata, na vyuo vingi huyasoma kwa kadiri yanavyoingia. Yeye aliufanya MCAT Agosti, akiwa hajasoma kozi ya baiokemia kwa sababu chuo chake kiliipanga muhula wa baadaye. Baiokemia ni kama robo ya sehemu mbili kati ya zile nne. Alama ilishuka pale hasa, na matokeo, ambayo huchukua kama mwezi, yakamfikia Septemba wenzake wakiwa wanaitwa kwenye usaili. Na kule mtihani haurudiwi bila kikomo: mara tatu kwa mwaka, mara nne kwa miaka miwili, mara saba maisha yote. Aliponisimulia kwa simu nilimwambia habari ya kalenda iliyogeuzwa nyuma. Akanyamaza, kisha akasema, "Dada, ningempata mwalimu huyo."

Watu huniuliza kama ni afadhali kuingia kwenye mtihani hivyohivyo, kuliko kupoteza mwaka. Siwezi kutoa jibu moja. Aliyebakiza mada mbili ndogo aingie. Aliyebakiza mada ambayo nyingine zote zinaiegemea, kama oganiki kwangu au baiokemia kwa binamu yangu, namshauri ajizuie hata kama inauma, na mwaka huo autumie wote kuanzia siku ya kwanza. Mimi niliupoteza wa kwanza kwa kutoandikishwa, nikakaribia kuupoteza wa pili kwa kudhani kuandikishwa kunatosha.

Sasa niko kwenye mwaka wa utarajali, wa kujifunza kazi hospitalini, baada ya ile mitano ya chuo. Mwalimu wangu wa Soweto bado yuko, macho yamepungua nguvu, na nikienda Moshi humpelekea maziwa na mkate. Kalenda ile alinipa. Naiweka kwenye droo.

Mwaka huu matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, mtoto wa shangazi alinipigia kutoka Kibosho. Biolojia B, Kemia C, Fizikia C, Kiingereza C, Hisabati F. Alikuwa na furaha, na alikuwa na haki ya kufurahi. Anataka utabibu, halafu udaktari. Nilimpongeza kwa moyo wote, kisha nikamwuliza, "Usajili wa PC unafungwa lini?" Akasema hajui, na kwamba hisabati haimzuii kuingia chuoni. Nikamwambia, "Najua haikuzuii, mdogo wangu. Nenda kituoni leo, ukifika unipigie ukiwa palepale."

Nilikuwa wodini simu ilipoita, saa nane na robo mchana. Nilisikia honi za daladala nyuma yake, na sauti ya mwalimu akimwambia avute kiti akae, akajaze fomu.